Mama Mkwe na Mijusi Wake wa Barabarani

Nikiambiwa nimweleze mama mkwe wangu, itanibidi nianze na visigino, kwa sababu ndivyo nilivyovifahamu kabla ya kitu kingine chake chochote. Vilikuwa visigino vipana, vilivyopasuka, na ndani ya mipasuko kulikuwa na saruji iliyokauka. Kila nilipoviona vilikuwa vinaondoka. Uso wake sikuujua. Kwao mume wa binti na mama wa binti hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, wala hawasemeshani moja kwa moja. Kwetu Iramba jambo hilo lipo, ila limelegea. Siku hizi mtu anapiga picha na mama mkwe wake wakilishana keki. Kwa huyu wangu halikulegea.

Siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Mchungaji alihubiri kwamba mila za namna hiyo zimepitwa na wakati. Baadaye mama akamwambia mke wangu, "Mchungaji naye ana mkwe. Aanze yeye, sisi tutamfuata."

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kuu, upande wa Ikungi, pale lami inapopita katikati ya mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Malori ya Mwanza, Rwanda na Burundi yote yanapita hapo. Majirani zake walipanga barabarani vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti. Yeye alipanga mijusi. Walikuwa watano, wa saruji, na mdogo wao alikuwa mkubwa kuliko nyumba aliyolala mama. Mmoja alikuwa na pembe tatu usoni, mwingine alibeba mapanga mgongoni, wawili walisimama kwa miguu miwili na vijikono vifupi vya kuchekesha. Wa tano, ambaye hakupata kumalizika, alikuwa na shingo iliyopita paa na kuendelea kwenda juu. Watoto wa shule waliwaita madinosaria. Yeye aliwaita mijusi, na ukijaribu kumsahihisha alikuuliza kama ni wewe uliyewazaa.

Katika yote nitakayoyasema, naomba ngazi isisahaulike. Aliiunda mwenyewe kwa miti miwili ya porini, vipago akavifunga kwa mipira ya baiskeli. Mjane wa umri wake, peke yake, alipanda ngazi ile na ndoo ya zege kichwani, na upepo wa Singida hauna adabu kwa mtu mzima. Mke wangu alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya ngazi ile. Alitaka mama yake aje akae nasi mjini, ninakouza spea za pikipiki. Chumba kilikuwepo na kitanda kilikuwepo. Tulichokosa ni namna ya mimi na yeye kuishi chini ya bati moja bila kuonana.

Mila inayofunga ina mlango wake wa kufungulia. Mkwe anapeleka mbuzi wa kufungua uso. Mama akimpokea, mbuzi anachinjwa, watu wanakula, na kuanzia hapo mkwe ni mwana wa nyumba. Mbuzi wa kwanza nilimpeleka wakati binti yetu Neema alipozaliwa. Alirudishwa jioni ile ile, ameshiba, na kamba mpya shingoni. Wa pili nilimpeleka baada ya mama kuanguka ngazini na kuvunjika mkono, habari tuliyoipata kwa dereva wa lori, maana mwenyewe hakutaka tujue. Huyo naye alirudi, na alikuwa na saruji mbichi ubavuni kwa kujisugua kwenye mjusi.

Mke wangu alikwenda kumuuliza sababu, na mama hakumficha.

"Mumeo akishauona uso wangu atakuwa mwanangu," alimwambia. "Mwanangu akiniambia nishuke, itabidi nishuke. Sasa hivi hana mdomo wa kuniambia kitu."

Mke wangu alirudi garini akafunga mlango kwa kishindo. "Wewe na mama mmejificha nyuma ya mila," aliniambia. "Siku akivunjika shingo mtabaki mmepeana migongo hivyo hivyo." Nilipeleka mbuzi mara mbili, na mbuzi hawezi kulazimishwa kupokelewa.

Tusimdhanie kuwa alikuwa mtu wa huzuni au mwenye wazimu, kama walivyosema baadhi ya wapita njia. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilipikiwa mboga mpaka Manyoni, hadi masufuria yalipovifukuza jikoni na mikono yake ikakosa kazi. Halafu Neema, akiwa bado mdogo, akaenda kwake likizo amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya mnyama wa kijani.

"Huyu mnyama gani?" bibi aliuliza.

"Dinosaria, bibi. Walikuwa wakubwa kuliko nyumba. Walikufa wote."

"Wote kabisa?"

"Wote."

Bibi akafikiri kidogo. "Sasa nani aliwazika?"

Neema aliniletea swali lile nyumbani, na hata mimi lilinishinda. Mama hakungoja jibu la mtu. Alianza kuokota waya na nondo chakavu, akachota mchanga korongoni, akaomba magunia matupu. Alisema ukoo mzima ukifa bila msiba, bila mtu hata mmoja wa kulia, basi angalau wasimamishwe mahali watu wanapopita, waonekane kwamba walikuwepo. Yule wa fulana ndiye aliyetangulia, na Neema alivuliwa fulana yake papo hapo ili ikae ukutani kama kielelezo. Alirudi kwetu amevaa kitenge.

Alijenga mijusi kama alivyofinyanga vyungu. Tumbo lilikuwa wazi ndani. Magunia yaliloweshwa kwenye saruji na kuvingirishwa kwenye nondo, kisha plasta, kisha niru, ule uji mwepesi wa saruji wa kumalizia. Kabla niru haijakauka alichukua gunzi la mahindi akaliviringisha juu yake, kama wafinyanzi wanavyotia nakshi shingoni mwa chungu, na ngozi ya mjusi ikatoka na vijipele mstari kwa mstari. Macho aliyafanya kwa vile vioo vyekundu vinavyobandikwa nyuma ya malori. Madereva wageni waliyaona yakiwaka gizani wakakanyaga breki, na asubuhi ukikuta alama za matairi barabarani, mama alikuwa anazionyesha kwa kidole kwa furaha kubwa.

Kiingilio chake kilikuwa maji. Bomba lilikuwa mbali, na zege halichanganywi kwa mate. Ukitaka kuwaona mijusi, unakuja na dumu lako, unamwaga kwenye pipa, unapita. Madereva walilijua hilo. Wengi walisimama wakamwaga lita chache na kuendelea na safari. Yeye aliwapungia mkono kutoka juu ya ngazi, wao wakapiga honi. Mwanamke aliyejificha asionwe na mimi aliwapungia watu wa nchi tatu, kitenge kikipepea, na baadhi yao aliwatukana kwa upendo kuhusu mwendo wao.

Jambo la pili lililokuwa lazima ni salamu. Mgeni yeyote, awe mtoto au mwenye suti, alisimama mbele ya yule mwenye pembe tatu akasema shikamoo. "Hawa ni wakubwa kuliko babu zenu wote," sauti ilitokea nyuma ya mjusi. "Mnapita tu kama kuku?" Mgeni akishasema shikamoo, sauti ile ile iliitikia marahaba kwa uzito. Neema aliwahi kumwona bwana mmoja mwenye tai, aliyeshuka kwenye gari jeupe la kifahari, akitazama kushoto na kulia asionwe na dereva wake, kisha akaamkia saruji.

Na mtu huyu, mama wa mijusi wa barabarani, alikuwa anaogopa mjusi. Namsema yule mdogo wa ukutani, anayekula nzi. Akimwona jikoni alipiga kelele zilizosikika mpaka kwenye vitunguu vya jirani, na Neema alilazimika kuingia na fagio. Nilikuwa nasikia yote hayo nikiwa nimekaa kwenye jiwe langu, nikicheka bila kugeuka.

Maana nilikuwa na jiwe langu. Kila tulipofika nilipiga honi mara mbili ili ajue, akajificha, nami nikaenda kukaa hapo nikitazama barabara, mgongo nikiuelekeza kwenye mijusi na nyumba. Mazungumzo yetu yalipitia kwa Neema. Neema asipokuwepo yalipitia kwa yule mwenye shingo ndefu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na jiwe.

"Wewe mjusi," mama alisema mahali fulani nyuma yangu, "muulize mwenye gari kama mama yake mzazi amepona mguu."

"Mjusi, mwambie mama kwamba amepona, anashukuru kwa dawa."

"Mwambie asishukuru, dawa ni majani."

Wapita njia walituona, mmoja akisema na mgongo wa saruji na mwingine akijibu kwa kutazama lami. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida. Kwa njia hiyo, kwa miaka zaidi ya kumi, nilimjua mama yule kuliko ninavyowajua watu wengi ninaokula nao meza moja. Nilijua anapenda uji usio na sukari, kwamba alimkumbuka marehemu mumewe zaidi wakati wa kuvuna, na kwamba akinyamaza katikati ya sentensi amekasirika. Nilimpenda. Hilo nalisema wazi kwa sababu sikuwahi kupata mjusi wa kumpelekea ujumbe huo.

Yule wa shingo ndefu ndiye aliyetutia hofu. Shingo ilikuwa imeshafika pa kutosha, kila mtu aliona, lakini kila mwezi iliongezeka. Neema alimuuliza bibi yake mjusi yule anatafuta nini huko juu.

"Anaangalia kama kuna mwenzake aliyebaki," bibi alimjibu. "Mtu akibaki peke yake, shingo hurefuka."

Mke wangu aliposikia maneno hayo alimsihi upya aje mjini, akaahidi hata kujenga ukuta katikati ya sebule. Mama alisema hajawahi kuona ng'ombe aliyeacha malisho akahamia nyuma ya ukuta. Mara ya mwisho kabla ya siku ninayoiendea, nilipokuwa naondoka, nikaona kwa pembe ya jicho ufa chini ya shingo, pale inapoungana na mgongo. Ulikuwa unaingia kidole.

"Mjusi," nilisema, "mwambie mama shingo yako ina ufa. Asiipande tena."

"Mwambie mwenye gari," alijibu, "visigino vyangu vina nyufa na bado vinatembea. Yeye anavijua vizuri."

Niliona haya mpaka tukafika nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, msimu ambao upepo unang'oa mabati. Jirani wa vitunguu alimpigia mke wangu simu kwamba mama yuko juu ya shingo tangu asubuhi, na shingo inatikisika. Tulifunga duka, tukamchukua Neema, tukaondoka mbio. Nilipopiga honi mara mbili, sauti ilijibu kutoka juu sana.

"Neema! Maji yako wapi?"

Tulikuwa tumesahau maji. Kwa miaka yote hatukuwahi kufika pale bila dumu, na siku ile buti ya gari ilikuwa tupu.

"Mama, shuka kwanza," mke wangu alisema.

"Nikishuka plasta hii inakufa. Zege linanikaukia. Leteni maji, nimalize kichwa, nitashuka."

"Unaahidi?"

"Nimesema nitashuka."

Mke wangu alinyang'anya funguo mkononi mwangu. Nilijua kwamba akikaa dakika moja zaidi atamtamkia mama yake neno lisilorudi. Aliondoka na gari, Neema na madumu ya mama, kuelekea kwenye bomba. Nikabaki mimi na jiwe langu. Niliutazama ule upande wa barabara ambao gari limepotelea, na upepo ulinipiga mchanga shingoni. Nyuma yangu nilisikia mwiko ukikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena.

Halafu nikasikia ngazi. Iliteleza taratibu kwanza, kisha ikapiga chini kwa kishindo, na kipande chake kimoja kikaviringika mpaka miguuni pangu. Ilikuwa imevunjika katikati.

"Mjusi," nilisema, "muulize mama kama ni mzima."

"Mwambie mwenye gari mimi mzima. Nimeshika nondo." Alivuta pumzi. "Mwambie binti yangu akija alete kamba."

Lori likapita. Ardhi ilitikisika, na bonge la plasta likaanguka nyuma ya jiwe langu, nikasikia saruji ikilia kwa ndani, kama kibuyu kinachopasuka. Nilikimbilia barabarani. Nilifikiri mgeni yeyote anaweza kupanda mjusi na kumshusha mama, maana mgeni si mkwe. Lori la pili lilikuja, nikapunga mikono yote miwili, nikaruka, nikapiga kelele. Dereva alitabasamu, akanipungia, akapiga honi ndefu. La tatu likafanya vile vile. Mama alikuwa amewazoesha madereva wote wa njia ile kwamba pale watu wanapunga mikono.

Nikarudi, macho nimeyainamisha chini. "Mjusi, mwambie mama nakuja."

"Mwambie asije!"

"Mjusi, mwambie mama shingo inaondoka."

"Mwambie mwenye gari haiwezekani. Mimi na yeye hatuwezi."

"Mwambie mama," nilisema, na hapo nilikuwa nimekwisha kukanyaga mkia, "mila ni za watu walio hai."

Nilipanda mgongo wa mjusi kinyumenyume, makalio yametangulia, uso wangu ukitazama mkia na barabara. Vile vijipele vya gunzi la mahindi ndivyo vilivyonipa pa kushika. Nilipofika kwenye shina la shingo nilisikia ufa ukifunguka na kufumba chini ya kiganja changu kila upepo uliposukuma. Niliogopa sana. Nilifikiria mke wangu akirudi na maji na kutukuta wawili chini.

"Mjusi," nilisema polepole, "mwambie mama ateleze. Mabega yangu yapo hapa. Sitageuka."

Nilisikia kitenge kikikwaruza saruji. Alikuwa ananong'ona, nadhani alikuwa anasali. Kisha kisigino cha kwanza kikagusa bega langu, na cha pili. Kwa miaka yote nilivijua vikiondoka, na leo vilikuwa vinakuja. Vilitetemeka kama vya mtoto. Alikaa mgongoni pangu, akanizungushia kitenge kifuani na kukifunga fundo yeye mwenyewe, kama anavyofunga mama mwenye mtoto, ila huyu aliyebebwa ndiye aliyefunga. Hakufikia uzito wa mfuko wa saruji.

Tuliteremka. Nilihisi pumzi yake kwenye sikio, na hakuna aliyesema neno, maana mjusi alikuwa chini yetu na hatukujua tunamtuma wapi. Mara moja tu mkono wake ulitokea mbele ya uso wangu, umejaa niru, ukanionyesha mahali pa kuweka mguu wa kushoto. Nikauweka hapo. Tulipogusa ardhi alifungua fundo, akateleza chini, nami nikapiga hatua tano kuelekea barabarani na kusimama nimempa mgongo.

Upepo ukaja tena. Sikuona shingo ikianguka, ila niliisikia yote, na vumbi likanipita. Kioo kimoja chekundu, kile alichotaka kukipachika siku ile, kikaviringika kwenye mchanga mpaka pembeni mwa kiatu changu.

Nilingoja visigino viondoke. Havikuondoka. Kule mbali niliona gari letu likirudi, taa zimewashwa mchana. Nilifikiri sasa atamgeukia yule mwenye pembe tatu, au mmoja wa wale wenye vijikono. Walikuwa wamebaki wanne, na yeyote angeweza kutusemea.

"Baba Neema," alisema.

Machozi yakanitoka. Sikujua kama naruhusiwa kuitika bila mjumbe, nikaitika.

"Naam, mama."

"Aliyekuwa anatusemea amekufa."

"Ndiyo, mama. Pole."

"Huyu tutamzika. Hatutamwacha kama wenzake." Alinyamaza katikati, lakini safari hii haikuwa hasira, alikuwa anatafuta pumzi. "Tukimaliza kumzika, uje na mbuzi."

Nikajipangusa uso kwa mkono.

"Mpaka hapo," alisema, "usigeuke."

Sikugeuka.